Moyo haukufa, ulipoozeshwa

Jumapili iliyopita huku Kadutu, mama mmoja wa kwaya alisimama kutoa ushuhuda: baba watoto wake alipasuliwa moyo India, "wakamuua saa nzima, kisha wakamfufua." Tuliitikia amina. Lakini neno hilo la kuua nalisikia mno hapa Bukavu, hata kwa wanaosomea uuguzi, ambao husema tu "arrêt cardiaque", yaani moyo kusimama, kana kwamba ni ugonjwa.

Kilichofanywa na madaktari kina jina lake, kadioplejia: kuusimamisha moyo kwa makusudi, kwa dawa, ili daktari aunganishe mishipa mipya ya kupitisha damu kando ya ile iliyoziba.

Neno lina asili ya Kigiriki. Kardia ni moyo, plege ni pigo. Mkia wake ndio ule wa "hémiplégie", mtu kupooza upande mmoja. Kiswahili nacho kimetujalia: kupooza ni kulegea kwa kiungo, kupoza ni kutia ubaridi, na mara nyingi dawa hii hufanya yote mawili. Aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, inabanwa, kisha maji yenye potasiamu nyingi, baridi ya nyuzi 4 hivi, yanaingizwa katika mishipa inayolisha moyo wenyewe. Nyama iliyokuwa ikirukaruka inalegea, na kwenye skrini mstari unanyooka. Hapo ndipo mtu anaweza kushona mshipa wa milimita 2.

Moyo ukisimama kwa ugonjwa, ubongo unakosa damu, na dakika chache zinatosha kuuharibu. Baba yule, damu yake ilikuwa ikizungushwa na mashine. Ubongo ulikula, figo zilikula. Kiungo kilichofunga kula ni moyo peke yake, na ndiyo sababu ukapoozeshwa: moyo uliolegea na kutulia hutumia takriban sehemu moja ya kumi ya oksijeni ya moyo unaopiga. Ule wa ugonjwa unasimama kwa njaa. Huu ulisimamishwa usife njaa.

Na kipimo cha dawa hakikupatikana kirahisi. Mwaka 1955, London, mtafiti Melrose na wenzake walitumia potasiamu sitreti kali mno kuusimamisha moyo. Misuli ya moyo ikadhurika, njia ikaachwa kwa miaka mingi hadi dawa zilizopunguzwa makali zilipoirudisha.

Baada ya ibada nilimsogelea mama mlangoni. Nikamwambia, mama, siku utakaporudia ushuhuda usiseme walimuua. Sema waliulegeza moyo wake, wakaupoza, na aota ilipofunguliwa damu yake yenye joto ikaiosha ile dawa, moyo ukaanza tena kupiga.