Kumsimamisha mgeni si kumkaribisha

Katika makanisa mengi ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, saa ya matangazo, wageni huombwa wasimame, wataje jina na walikotoka. Kwaya inawaimbia, makofi yanapigwa, mtu wa protokole, yule anayepokea watu kanisani, anaandika namba ya simu. Wengi huamini kwamba hapo mgeni amekaribishwa, na kanisa limeongezeka.

Makofi hayo humpendeza zaidi mwenyeji. Mtu aliyekimbia vita pengine hataki kutangaza mbele ya umati kwamba anatoka kijiji fulani na sasa amefikia kwa nani huko Kadutu, sehemu ya mji huu. Mwenye haya naye atachelewa makusudi Jumapili ijayo, ikiwa atakuja. Tena baadhi ya hao "wapya" wamehama tu kutoka kanisa la jirani. Mji mzima haujapata muumini hata mmoja zaidi.

Wahubiri hupenda kutaja watu elfu tatu walioongezeka siku moja katika Matendo 2:41. Mstari wa 42 na wa 46 hawaufikii sana: mafundisho, ushirika, kumega mkate nyumba kwa nyumba. Donald McGavran, mmisionari aliyefanya kazi India, aliandika mwaka 1955 kwamba imani husafiri kwa njia ya ndugu na jamaa. Hapa kwetu pia, mgeni mara nyingi huletwa na shemeji au jirani wa sokoni.

Basi mwacheni akae. Ibada ikiisha, mama mmoja amsogelee, amuulize anaishi upande gani, amtembelee kabla ya Jumapili. Namba ya simu ataitoa mwenyewe.