Dhana Potofu Kuhusu Fremu za Picha na Kumbukumbu za Familia

Mtu akienda kwa fundi wa fremu, maswali yake huanzia kwenye mbao: iwe pana au nyembamba, nyeusi au ya dhahabu. Ni maswali ya haki, maana hicho ndicho kitakachoonekana sebuleni. Ila picha nyingi zinazoharibika zikiwa ndani ya fremu huharibiwa na vitu ambavyo mwenye picha hakuviuliza kabisa: kadi iliyo nyuma, gundi, kioo, na ukuta wenyewe. Na zikiharibika, hasa zile za familia, hakuna duka la kununua nyingine.

"Picha ikishaingia kwenye fremu iko salama"

Fremu inakinga vumbi, vidole na mikunjo. Zaidi ya hapo, usalama wake unategemea kilichotumika ndani. Kadibodi za bei nafuu hutengenezwa kwa massa ya mbao ambayo bado yana lignini (kitu cha asili kinachoshikilia nyuzi za mti), na kadiri miaka inavyopita huzalisha asidi inayohamia kwenye karatasi iliyogusana nazo. Ukifungua fremu ya zamani unaweza kuona mstari wa kahawia umeizunguka picha, ukifuata sawasawa ukingo wa dirisha lililokatwa kwenye kadi inayowekwa mbele kuizunguka picha. Hiyo ni karatasi iliyochomwa na asidi polepole, na pale ilipochomwa huwa imekauka na kukatika kirahisi.

Kinachofaa ni kadi ya pamba, au ya massa yaliyoondolewa lignini. Nyingi huongezwa kalisiamu kaboneti, ambayo ni alikali, yaani kinyume cha asidi, ili imeze asidi itakayojitokeza baadaye. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau: kalisiamu hiyo haifai kila kitu. Hariri na sufu hazipatani na alikali, na zile picha za buluu za zamani zinazoitwa sayanotaipu hufifia zikikaa karibu nayo. Vitu hivyo viwekewe kadi isiyo na asidi na isiyoongezwa chochote. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake huuliza kwanza umemletea nini, kimetengenezwa kwa nini na kina umri gani, kabla hajakuonyesha sampuli za mbao.

Wala maandishi ya "haina asidi" kwenye lebo hayatoshi. Kadi ya massa ya kawaida inaweza kuongezwa alikali ikapata sifa hiyo leo, kisha ikarudia asidi yake alikali itakapokwisha. Uliza imetengenezwa kwa nini.

"Kioo kinachozuia jua kinatosha, unaweza kutundika popote"

Kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Vipo vioo vya kuhifadhia vinavyozuia hadi asilimia 99 ya mionzi hiyo, na kwa kitu chenye thamani kwako ningelipa tofauti ya bei bila kusita. Tatizo ni kwamba mtu akishasikia hiyo 99, anaona ameruhusiwa kutundika picha mkabala wa dirisha.

Mwanga tunaouona kwa macho nao hufifisha rangi. Tena madhara yake hujumlishwa: saa za leo zinaongezwa juu ya saa za jana, na kuipumzisha picha gizani hakurudishi kilichokwisha kupotea. Ndiyo sababu makumbusho huwa na taa hafifu kwenye vyumba vya karatasi na nguo, takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati picha za rangi za mafuta huruhusiwa kama luksi 200. Chumba cha kawaida chenye dirisha huvizidi viwango hivyo mara nyingi mchana kutwa.

Anayeona hili ni jambo la kutia chumvi amwangalie mchoraji Van Gogh. Mwaka 1888 alimwandikia mdogo wake Theo kuhusu picha ya chumba chake cha kulala huko Arles, akisema kuta ni za zambarau hafifu. Leo kuta hizo kwenye turubai ni za buluu. Nyekundu aliyoichanganya imefifia, na mchoraji mwenyewe angefufuka asingeitambua rangi yake.

Kwa hiyo kama una picha moja tu iliyobaki ya babu, au barua iliyoandikwa kwa mkono wake, ushauri wangu ni huu: tengeneza nakala bora, nakala ndiyo itundikwe, na ile ya asili ilale gizani kwenye boksi lisilo na asidi. Wapo wanaoona nakala ni kuidharau kumbukumbu. Mimi naona kinyume chake. Anayeitoa sura pekee ya mzee wake ikaliwe na mwanga kila siku ndiye anayeihatarisha.

"Picha ibanwe na kioo isije ikajikunja"

Hapana. Hali ya hewa ikibadilika, unyevu hujikusanya upande wa ndani wa kioo. Uso wa picha nyingi za kamera za zamani ni wa jelatini, nayo ikilowa hulainika na kunata. Siku ukijaribu kuitoa, sehemu ya uso wa mtu inabaki kwenye kioo. Lazima pawe na nafasi kati ya viwili hivyo. Kadi yenye dirisha huileta nafasi hiyo, na kama hutaki kadi, vipo vijiti vyembamba vya kutenganisha vinavyofichwa chini ya ukingo wa fremu.

Je, kama imekwisha nata? Usiivute, usiilowanishe. Ipige picha hivyo hivyo ikiwa chini ya kioo upate angalau nakala, kisha umpelekee mtaalamu wa kuhifadhi picha.

"Picha ibandikwe yote kwa gundi itulie"

Karatasi hutanuka hewa ikiwa na unyevu na husinyaa ikikauka. Ukiifunga pande zote nne, haina pa kwenda, hivyo inatoa mawimbi au inachanika. Njia iliyothibitika ni kuishika upande wa juu peke yake kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hulainika kwa maji kidogo na kutoka. Picha ya kamera inaweza kushikwa kwa pembe za karatasi bila gundi kuigusa kabisa.

Selotepu ndiyo adui mkubwa. Gundi yake hugeuka manjano na kuzama ndani ya karatasi. Baada ya miaka utepe huanguka wenyewe na doa likabaki. Kuiweka hati ya asili ndani ya plastiki kwa mashine ya moto ni vibaya zaidi, kwa sababu ni hatua isiyo na kurudi. Wanaohifadhi vitu vya kale wana kanuni inayofaa kushikwa hata nyumbani: usikifanyie kitu jambo ambalo mwingine baadaye hataweza kulitengua.

"Fremu ni ya picha tu"

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nguo ya kwanza ya mtoto, miwani ya bibi, saa ya mfukoni isiyotembea tena, nishani, kitambaa alichokidarizi mama akiwa msichana: vyote vinaweza kukaa ukutani ndani ya fremu yenye kina, mithili ya boksi. Nguo hushonwa kwa uzi kwenye kitambaa kilichovikwa ubao, mishono ikipita katikati ya nyuzi bila kuzichana, tena mishono mingi midogo ili uzito ugawanyike. Ndani yake hujazwa karatasi laini isiyo na asidi ili isikunjamane. Pini za chuma ziondolewe zote. Zikishika kutu huacha doa lisilotoka. Kina cha fremu kiruhusu nafasi mbele, kitu kisifikie kioo.

Na tafadhali, nyuma ya fremu bandika kadi yenye majina: nani aliivaa, nani alimpa, mwaka gani. Andika kwenye kadi, usiandike kwenye kitu chenyewe. Nguo hudumu kuliko kumbukumbu za wanaoijua, na mjukuu akiikuta haina jina atajua ni nzuri tu, hatajua ni ya nani.

"Plastiki ni ya hali ya chini kuliko kioo"

Akriliki, plastiki angavu inayowekwa badala ya kioo, ni nyepesi na haivunjiki ovyo, kwa hiyo inafaa picha kubwa na chumba cha watoto. Hukwaruzika upesi. Ile ya kawaida hubeba umeme tuli unaoweza kuvuta unga wa pasteli (chaki za rangi) au mkaa kutoka kwenye karatasi, hivyo michoro ya aina hiyo iwekewe kioo.

"Fremu ifanane na samani, na picha ndogo ipewe fremu ndogo"

Makochi hubadilishwa, picha inabaki. Chagua fremu kwa kuitazama picha, uzito wa rangi zake na enzi yake. Na picha ndogo ndiyo hasa inayohitaji nafasi: izungushie kadi pana, upande wa chini ukizidi kidogo, na jicho litaijia lenyewe hata kwenye ukuta mkubwa.

Wengi hutundika juu mno. Katikati ya picha pawe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Tumia kulabu mbili isipinde, na uweke vipande vya mpira au sufu nyuma ya pembe za chini hewa ipite. Ukuta wa bafu, wa karibu na jiko, au unaotoka jasho mvua ikinyesha, uachie vitu vingine.

Wakati wa kusafisha, dawa ipulizie kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo moja kwa moja, kwani hutiririka ikaingia chini ya ukingo hadi kwenye kadi. Kwa akriliki, epuka kabisa dawa zenye amonia.