Amana yako benki ikianguka: kinacholindwa na kisicholindwa

Katika elimu ya fedha tunayotoa Mbeya na Njombe, swali hili halikosekani: mtikisiko wa fedha duniani wa 2008 ulikuwa wa Wazungu, sisi unatuhusu nini? Unatuhusu. Baada ya Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, kufilisika Septemba 2008, bei za kahawa na pamba ziliporomoka, na wanunuzi waliokuwa wamekopa benki wakabaki na hasara. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kunusuru uchumi, ukiwemo ufidiaji wa hasara hizo. Wakulima wa Mbozi wanaukumbuka msimu ule.

Kilichobaki duniani ni madeni. Serikali zilikopa kuokoa benki, zikakopa tena wakati wa UVIKO-19, na riba za Marekani zilipopanda 2022, nchi zinazodaiwa kwa dola zikaumia. Wasimamizi wa benki nao wakakaza masharti ya mtaji, yaani fedha za benki yenyewe za kubeba hasara.

Huku kwetu, Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano zenye upungufu wa mtaji, ikiwemo Benki ya Wananchi Njombe. Fidia ya bima ya amana, yaani fedha anazolipwa mteja benki yake ikifungwa, wakati huo iliishia shilingi 1,500,000 kwa mteja. Tangu 2023 ni 7,500,000.

Kiwango hicho ni kwa mteja katika benki moja, si kwa kila akaunti. Mwenye akaunti tawi la Tukuyu na nyingine tawi la Soweto ya Mbeya, benki ileile, salio zake hujumlishwa. Akiwa na milioni 10, atalipwa milioni 7.5, milioni 2.5 zitasubiri mfilisi, yaani anayesimamia ufungaji wa benki, akusanye madeni na kuuza mali, na huenda zisirudi zote. Mteja huja na kitambulisho na uthibitisho wa akaunti, majina yakilingana. Kwa marehemu, anayelipwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala shemeji mwenye kadi ya benki. Na mkopo haufutiki benki ikifungwa. Tumeshalisema hili mara nyingi. Mchango wa bima hulipwa na benki, kwa hiyo anayekudai "ada ya bima ya amana" ni tapeli.

Fedha za VICOBA na SACCOS zina sheria zake. Bima hii haizihusu. Upatu wa piramidi, ule ambao wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wanaojiunga baadaye, ni kosa la jinai. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kilichotundikwa ukutani ni cha usajili tu, hakimruhusu mtu kupokea amana. Leseni ya kupokea amana hutolewa na Benki Kuu, na tawi lake lipo hapa Mbeya. Ulizeni kabla ya kuweka fedha.