Majani si mizizi: dhana potofu kuhusu bonsai za bogenvilia

"Imeshika! Ina majani tele." Habari hii naletewa kitaluni hapa Malindi kila masika na watu waliopanda tawi la bogenvilia walikuze liwe bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni, na baada ya wiki chache mteja yuleyule hurudi na kijiti kikavu akilaumu udongo.

Haikuwa imeshika, yaani haikuwa imetoa mizizi. Tawi la bogenvilia lenye unene wa kidole gumba au zaidi lina akiba yake ya wanga na maji. Akiba hiyo hutosha kuchipuza majani hata kama chini hakuna mzizi hata mmoja. Majani nayo hupoteza maji kila siku. Akiba ikiisha, yote hunyauka. Kufikia hapo mtu keshalihamishia kwenye chungu cha bonsai, kaliweka juani na kaanza kulifunga waya wa kulipinda!

Wabaya zaidi ni wanaoling'oa kidogo "kuangalia tu". Mizizi michanga ya bogenvilia ni myembamba, hukatika kwa kuguswa. Ukiangalia, umeua. Lipande mkebeni kwenye mchanga wa mto uliochekechwa, maana wa ufuoni una chumvi. Liweke kivulini, pasipopigwa na kusi, kisha uliache. Miezi miwili, mitatu, na tawi nene huenda likataka zaidi. Dalili ya kweli ni mizizi kuchungulia kwenye matundu ya mkebe. Kama roho haitulii, tumia chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, uizungushie karatasi nyeusi, uifunue unapotaka kutazama. Na siku ya kuhamisha, hamisha na udongo wake. Zile video za misonobari ya Kijapani inayochanwa mizizi hazihusu mmea huu.

"Maji mengi, maua mengi." Kinyume chake. Maji na mbolea ya naitrojeni vikizidi, utapata majani. Mti ulioshika unataka jua la saa sita au zaidi kwa siku, na udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Hata hiyo rangi mnayoisifu ni ya majani yanayozunguka ua. Ua lenyewe ni kile kimrija cheupe cha katikati.

"Bonsai ni aina ya pekee, haipatikani hapa." Hapana. Ni bogenvilia ileile iliyotambaa kwenye kuta za mji wetu. Hubaki ndogo kwa kupogolewa na kwa kubanwa chunguni.

"Tawi lolote hupindika." La zamani huvunjika. Funga waya chipukizi likiwa bado laini, linaanza tu kukomaa, na uutoe kabla haujazama kwenye gome.