Kutambua kemikali kwenye ajali: yanayosemwa na ukweli wake

"Okoa kwanza, kusoma baadaye"

Dhana hii ndiyo inayoua. Jioni ya tarehe 17 Aprili 2013, katika mji mdogo wa West, Texas, wazimamoto, wengi wao wa kujitolea, waliwahi moto kwenye ghala la mbolea. Ndani mlikuwa na shehena ya amonia nitreti. Kama dakika 20 baada ya simu ya kwanza, ghala lililipuka. Walikufa watu 15, na 12 kati yao walikuwa wamekwenda kusaidia. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilibaini kwamba mafunzo waliyopewa kuhusu hatari ya mbolea hiyo hayakutosha. Tarehe 4 Agosti 2020 kikosi cha watu 10 kilitumwa bandari ya Beirut kuzima moto wa ghala bila kuambiwa kwamba mle ndani kuna tani zipatazo 2,750 za kemikali hiyohiyo. Hakurudi hata mmoja.

Watu hawa hawakupungukiwa na ujasiri. Walipungukiwa na taarifa, na taarifa haiji yenyewe. Kuitafuta ni sehemu ya uokoaji tangu gari linaposimama kule upepo unakotokea, mbali na mzigo, mtu mmoja akiwa na darubini na mwingine akiwa na kitabu cha mwongozo wa kemikali. Mafunzo yanayomwacha askari ajifunze hili akiwa kazini yanamweka kwenye hatari ambayo yeye mwenyewe haijui.

"Cha muhimu ni jina la kemikali"

Muulize utingo amebeba nini, atakwambia "dawa ya mgodini". Hajakudanganya, ila hajakusaidia. Jina la biashara hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, na jina la kitaalamu likikosewa herufi moja linakuwa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana kibao cha rangi ya machungwa kinachowekwa kwenye lori kina namba ya Umoja wa Mataifa (UN) yenye tarakimu nne: petroli ni 1203, dizeli 1202, gesi ya klorini 1017, sodiamu sianidi ngumu, ile inayopelekwa migodi ya dhahabu, ni 1689. Pale ambapo kibao kina mistari miwili, namba ya juu inaeleza aina ya hatari. Tarakimu ikirudiwa, kama 33, hatari imezidi. Ikitanguliwa na herufi X, mzigo huo haupatani na maji.

Zoezi ambalo ningependa kila chuo cha zimamoto kilifanye ni hili. Mkufunzi anasoma namba kwenye redio yenye makelele, na mwanafunzi anairudia tarakimu moja moja: moja, nane, tatu, moja. Aliyesikia 1830 amesikia asidi ya salfuriki ya kawaida. Namba 1831 ni asidi ya salfuriki inayofuka moshi wenye sumu. Katika kitabu cha mwongozo wa dharura cha Marekani, Kanada na Meksiko, maarufu kama ERG, namba zote mbili zinakupeleka kwenye mwongozo uleule wa hatua za kuchukua, namba 137. Tofauti ni kwamba 1831 imepakwa rangi ya kijani, na rangi hiyo inakutaka ufungue kurasa za kijani kutafuta umbali wa kuhamisha watu. Mwanafunzi aliyekariri "mwongozo 137" akafunga kitabu amewaacha wakazi wa mtaa mzima kwenye moshi.

Na kibao kisipokuwepo? Hilo hutokea. Mwaka 1988 askari 6 wa zimamoto wa Kansas City, Marekani, waliuawa na trela za vilipuzi zilizokuwa zikiungua kwenye eneo la ujenzi, na trela zenyewe hazikuwa na alama. Kwa mzigo usiojulikana ERG ina mwongozo namba 111, unaotaka angalau mita 100 pande zote hadi ujue unashughulika na nini.

"Maji hayaharibu kitu"

Nenda kwenye maghala ya nafaka. Vidonge vya alumini fosfaidi vinavyoua wadudu vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini, yenye sumu kali na inayoweza kujiwasha yenyewe. Nenda kwenye karakana za kuchomelea zinazotumia kabaidi: ikilowa hutoa asetilini. Ukipiga mpira wa maji hapo, umeongeza tatizo.

"Karatasi ya usalama ina kila kitu"

Karatasi ya taarifa za usalama, SDS, ina sehemu 16, na iliandikwa kwanza kwa ajili ya mfanyakazi anayeshughulikia kemikali siku ya kawaida. Kwenye tukio, anza na sehemu ya 2 ya hatari, ya 5 ya moto, ya 9 ya sifa za kemikali na ya 10 inayosema isichanganyike na nini. Karatasi hiyo inaeleza bidhaa moja. Lori likiwa limebeba bidhaa tatu zilizomwagikiana, hakuna karatasi itakayokueleza kilichozaliwa hapo.

"Chanzo kimoja kikisema, inatosha"

Hapa ndipo hata wazoefu hujikwaa. Chukua amonia, gesi inayopoza mitambo mingi ya barafu na ya kusindika samaki. Jedwali linasema uzito wa mvuke wake ni 0.6 ukilinganisha na hewa, kwa hiyo mwanafunzi anamwambia kamanda: "Inapanda juu, tuko salama." Namba ni sahihi, ila hitimisho ni la hatari. Amonia iliyohifadhiwa kama kimiminika kwenye tanki la shinikizo inapovuja hutoka na baridi kali, ikachanganyika na unyevu wa hewa, ikawa wingu zito jeupe linalotambaa ardhini kabla ya kupata joto na kupanda. Mafunzo mazuri humlazimisha mtu afungue vyanzo viwili au vitatu, aulize kwa nini vinatofautiana, na asome kemikali ilivyo pale ilipo: baridi au moto, kimiminika au gesi, kali au iliyochanganywa na maji.

Pua haihesabiki miongoni mwa vyanzo hivyo. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na salfidi ya hidrojeni ikizidi hulemaza uwezo wa kunusa.

"Simu ninayo, nitatafuta mtandaoni"

Mtandao hukatika, hasa ajali inapotokea porini. Programu nazo huondoka: WISER, iliyotegemewa na waokoaji kwa miaka mingi, ilifungwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 2023. CAMEO Chemicals, programu ya Marekani ya taarifa za kemikali, na ERG hupatikana bure na hufanya kazi bila intaneti, mradi vipakuliwe kabla ya king'ora kulia.

"Kutafuta taarifa ni kazi ya karani"

Anayetafuta taarifa asipojua kuzigeuza ziwe amri, kamanda anabaki na namba tu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota mafuta, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Askari aliye na kitabu kwenye tukio la namna hiyo hatakiwi kumwambia kamanda kwamba mvuke wa petroli ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa. Anatakiwa aseme: "Ni petroli, 1203. Mvuke unatambaa chini, unaingia mtaroni. Watu wasogee mita 50 pande zote, na mita 300 kule upepo unakoelekea. Pikipiki isiwashwe hata moja. Tanki likishika moto, mita 800." Kwenye zoezi la namna hiyo, akishamaliza, mkufunzi anayejua kazi yake anambadilishia hali: dereva amekumbuka kwamba chumba cha nyuma cha tanki kina mzigo mwingine. Kitabu kinafunguliwa upya, saa ikiendelea kuhesabu.