Pampu ya kalsiamu kwenye seli nyekundu ya damu ni nini?

Aliyewahi kuchimba kisima cha mchangani, korongoni, kiangazi cha huku kwetu Ugogo, anaijua shida yake. Ukishafika penye unyevu, maji huanza kuchuruzika kutoka kando. Ili uendelee kuchimba, sharti mwenzako ateke na kumwaga nje, ndoo baada ya ndoo. Akikaa kupumzika, shimo linajaa.

Pampu ya kalsiamu ndiye huyo mwenye ndoo. Ni protini iliyopenya utando wa seli toka ndani hadi nje, na kazi yake ni kuzitoa ioni za kalsiamu (chembe zake zenye chaji ya umeme) zilizoingia na kuzirudisha kwenye plazma, yaani majimaji ya damu. Neno “pampu” lisikupeleke kwenye mitambo ya Mzakwe inayosukuma maji kuja mjini Dodoma. Hapa hakuna bomba. Protini yenyewe ndiyo inayobadili umbo: ikiwa wazi kwa ndani hunasa ioni moja ya kalsiamu, ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, huipachika fosfati, upande wa ndani hufunga, wa nje hufunguka, ioni ikatoka. Kisha fosfati hubanduka na protini hurudi ilivyokuwa. Ioni moja, ATP moja. Magnesiamu isipokuwepo, kazi haiendi.

Gharama yote hiyo ni ya nini? Kalsiamu iliyo huru kwenye plazma inaizidi ile iliyo huru ndani ya seli kwa zaidi ya mara 10,000, kwa hiyo kila upenyo ni njia ya kuingilia. Na seli hii, yenye upana wa kama mikromita 8, hupita kwenye vimishipa vyembamba kuliko yenyewe. Ikijibana, utando huvutika, milango fulani hufunguka, kalsiamu huingia.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi pampu inavyojua wakati wa kuongeza kasi. Mkia wake huifunga breki. Kalsiamu ikizidi hushikana na protini ndogo iitwayo kalmodulini, nayo huukamata mkia huo na kuiachia breki. Yaani maji yenyewe ndiyo yanayomhimiza mtekaji.

Hans Schatzmann ndiye aliyeionyesha pampu hii, mwaka 1966, akitumia seli hizihizi nyekundu. Zilimfaa: hazina kiini wala mitokondria (vinu vya nishati vya seli), basi hakuna ghala la ndani la kuificha kalsiamu. ATP yote ya seli hizi hutokana na kuvunjwa kwa glukosi bila oksijeni. Ndiyo, mbeba oksijeni wetu haigusi mzigo wake!

Ndoo ikizidiwa, kalsiamu inayobaki hufungua milango ya potasiamu. Potasiamu hutoka, maji huifuata, seli husinyaa na kukakamaa, na bandama haina huruma na seli ngumu. Kwa mwenye selimundu mambo huwa mazito zaidi. Hemoglobini yake, protini inayobeba oksijeni, ikishaiachia oksijeni hiyo na seli kupinda, utando huvuja kalsiamu kuliko kawaida. Seli hukauka, hemoglobini iliyomo husongamana, na ikisongamana hujiunga upesi zaidi kuwa zile nyuzi zinazoipinda seli kama mundu.