Athari za kiuchumi za sera: si kila kilichofuata ni athari

Kila Juni, bajeti zinaposomwa Dodoma, Nairobi na Kampala, kwa kawaida Alhamisi hiyohiyo, maneno "athari za kiuchumi" huanzia bungeni na kuishia vijiweni. Ushuru wa bidhaa fulani ulipandishwa, mwaka uliofuata viwanda vya bidhaa hiyo vikaongezeka, basi ongezeko lote linaandikwa kuwa ndiyo athari ya ushuru. Ukiuliza imejulikanaje, unaonyeshwa takwimu mbili, ya kabla na ya baada. Mimi nimechoka na takwimu hizo mbili.

Maana yenyewe ni fupi. Athari ya kiuchumi ya sera ni tofauti kati ya hali iliyopo baada ya sera kupitishwa na hali ambayo ingekuwepo, wakati huohuo, kama isingepitishwa. Tathmini ya athari ni kazi ya kukadiria tofauti hiyo. Serikali huifanya kabla ya kuamua, ili ijue inachokiingia, au miaka kadhaa baadaye, ili ijue kilichotokea. Athari yaweza kuwa njema au mbaya (sijui nani alituzoesha kwamba athari lazima iwe madhara), na katika biashara na viwanda aghalabu ni zote mbili, kila moja kwa watu wake.

Ugumu wote uko kwenye "ingekuwepo". Upande wa kwanza wa hesabu unaonekana: kiwanda kimejengwa, wafanyakazi wamesajiliwa, ushuru umekusanywa bandarini. Upande wa pili haukusanywi na ofisi yoyote ya takwimu, kwa sababu haukutokea. Unapaswa kukadiriwa, na anayeuruka hajafanya tathmini ya athari. Amefanya hesabu ya vilivyopo, ambayo ni kazi halali na yenye manufaa, ila ni kazi nyingine.

Vivutio vya uwekezaji ndiko kosa hili linakotugharimu zaidi. Sheria za maeneo maalumu ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, Tanzania na Kenya, zimekuwa zikimpa mwekezaji miaka kumi bila kodi ya mapato ya kampuni. Mwekezaji akija, ripoti huorodhesha mtaji alioleta na watu aliowaajiri, na orodha hiyo huitwa athari ya kivutio. Lakini angekuja bila msamaha? Jogoo liwike lisiwike, kutakucha. Benki ya Dunia iliwauliza swali hilo wawekezaji wenyewe katika nchi kadhaa. Katika uchunguzi wa 2011, asilimia 91 ya waliohojiwa Tanzania walisema wangewekeza hata kama vivutio visingekuwepo. Uganda walikuwa asilimia 93 na Rwanda 98.

Majibu hayo yana walakini wake, maana mtu aliyekwisha kuwekeza ni rahisi kusema angewekeza tu, na si kila kivutio ni sawa na kingine. Hata ukiyapunguza utakavyo, bado yanabadilisha hesabu. Tuseme makampuni kumi yamesamehewa kodi na tisa kati yake yangekuja hata hivyo. Athari ya msamaha ni kampuni moja. Gharama yake ni kodi ya makampuni yote kumi. Ripoti inayohesabu ajira za makampuni kumi upande wa faida, na kunyamazia kodi ya yale tisa upande wa hasara, imekosea mara mbili kwa mpigo. Mwongozo wa Hazina ya Uingereza, wanaouita Kitabu cha Kijani, huwataka watathmini waondoe kwanza kile ambacho kingetokea tu, kisha waondoe kilichohamishwa kutoka kwingine, ndipo waseme kimebaki nini. Kiwanda kilichohama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kufuata nafuu ya kodi ni furaha kwa mkuu wa mkoa kinakokwenda, lakini taifa halijapata kiwanda kipya.

Upande wa ushuru, mfano nisiochoka kuutaja ni wa mashine za kufulia nchini Marekani. Januari 2018 serikali ya Donald Trump iliweka ushuru wa kujilinda kwa mashine hizo zinazotoka nje: asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza katika mwaka, na asilimia 50 kwa zitakazozidi. Whirlpool, kampuni ya Marekani inayotengeneza mashine hizo, ndiyo iliyolalamika. Waliolengwa hasa ni Samsung na LG za Korea Kusini. Baadaye wachumi watatu, Aaron Flaaen wa Benki Kuu ya Marekani pamoja na Ali Hortaçsu na Felix Tintelnot wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitaka kujua ushuru ulifanya nini. Hawakuchukua bei ya kabla na bei ya baada wakatoa moja kwenye nyingine, kwa sababu bei hupanda na kushuka kwa mengi: chuma, mafuta, mishahara, msimu. Walizilinganisha bei za mashine za kufulia na za vifaa vingine vya nyumbani ambavyo ushuru huo haukuvigusa. Vifaa hivyo vilisimama mahali pa ile hali ambayo haikutokea.

Walikuta bei ya mashine za kufulia imepanda kwa karibu asilimia 12. Walikuta pia kwamba mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikutozwa ushuru wowote mpya, zimepanda kwa kiasi hichohicho. Marekani mashine hizo huuzwa kwa jozi, na wauzaji waligawanya ongezeko kwenye zote mbili. Mtu anayekagua bidhaa iliyotajwa kwenye sheria peke yake asingeliona hilo kamwe. Kwa jumla wanunuzi walilipa ziada ya takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka, wakati ushuru wenyewe uliiingizia serikali dola milioni 82 tu hivi. Kwa upande wa faida, makampuni matatu yalitangaza ajira zipatazo 1,800. Ukitoa mapato ya serikali kisha ukagawanya, kila ajira iliwagharimu wanunuzi zaidi ya dola 800,000.

Na hata hizo 1,800 zilipewa ushuru kwa ukarimu. Samsung na LG zilitangaza viwanda vyao vya South Carolina na Tennessee mwaka 2017, kabla ushuru haujatiwa saini. Je, zilijenga kwa kuuogopa ushuru uliokuwa unanukia, au zingejenga tu? Watafiti walikubali kuuhesabia ushuru ajira zote, na bado mizani haikukaa sawa. Huo ndio ustaarabu wa kazi hii: unapokuwa huna uhakika, mpe unayembishia nafuu ya shaka, halafu uone kama hoja yako ingali imesimama.

Kabla ya sera kupita hakuna bei za kulinganisha, kwa hiyo serikali hutumia modeli. Nyingi huegemea hifadhidata ya GTAP, inayotunzwa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ambayo huweka mahali pamoja biashara kati ya nchi na nchi, sekta kwa sekta. Kama sera ni mkataba wa biashara, kompyuta huchora uchumi wa dunia bila mkataba huo, huubadilisha kwa kushusha ushuru unaohusika, kisha husoma tofauti. Ndivyo Uingereza ilivyokadiria mkataba wake na Australia, uliosainiwa Desemba 2021: pato la taifa lingekuwa juu kwa asilimia 0.08, sawa na pauni bilioni 2.3, ifikapo 2035.

Magazetini namba ya namna hiyo mara husomwa kama kwamba uchumi utaongezeka kwa asilimia 0.08 kila mwaka, mara kama kwamba 2035 utakuwa mkubwa kuliko wa leo kwa kiasi hicho tu. Zote mbili si kweli. Maana yake ni kwamba kati ya Uingereza mbili za mwaka 2035, yenye mkataba na isiyo nao, ya kwanza ina asilimia 0.08 zaidi. Zote mbili huenda zimekua sana, au zimedorora pamoja. Na ndani ya jumla hiyo ndogo kuna wanaopanda na wanaoshuka. Tathmini hiyohiyo iliona kilimo, misitu na uvuvi vya Uingereza vikipungukiwa na takriban pauni milioni 94 kwa sababu ya nyama ya Australia. Waziri akinukuu bilioni 2.3 na mfugaji wa Wales akinukuu milioni 94, wanasoma ripoti moja.

Ajira nazo zina mtego wake. Modeli nyingi za aina hii huanza kwa kuchukulia kwamba baada ya muda mrefu kila anayetaka kazi ameipata: sera huhamisha watu kutoka sekta moja kwenda nyingine, jumla haibadiliki. Kwa hiyo kuuliza modeli hiyo sera itazalisha ajira ngapi ni kuuliza swali lililojibiwa kabla ya kompyuta kuwashwa. Njia nyingine, ya majedwali yanayoonyesha kila sekta inanunua nini kutoka sekta gani, huchukulia kinyume: kwamba wapo watu na mashine vimekaa bure vikisubiri kuitwa. Hiyo huzaa ajira kwa maelfu, za moja kwa moja na za pembeni, na washauri wanaolipwa na mwenye mradi huipenda sana. Hakuna iliyo ya uongo. Ila msomaji ana haki ya kuambiwa ni ipi iliyotumika, na mara nyingi haambiwi.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kikwazo kingine, ambacho kwa mtafiti ni neema pia. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya una ngazi za asilimia sifuri, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35, pamoja na orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vya juu zaidi. Lakini kila mwaka nchi huomba kuruhusiwa kutofuata kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani, kwa mwaka mmoja mmoja, na maombi yaliyokubaliwa hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Mchele kutoka nje ya Jumuiya hutakiwa kutozwa asilimia 75, huku Kenya kwa miaka mingi ikiomba kutoza 35. Kwa mwenye kiwanda, ushuru wa mwaka mmoja hauaminiki vya kutosha kununulia mashine, hivyo sera hukosa nafasi ya kuwa na athari iliyokusudiwa. Kwa mtafiti, bidhaa moja yenye viwango viwili kwenye pande mbili za mpaka ni nafasi adimu: jirani anakuwa kipimo.

Ni nafasi inayohitaji tahadhari. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Majirani hawakufika huko. Wauza mitumba wa Marekani walipopeleka malalamiko serikalini kwao, majirani hao walirudi nyuma, na Rwanda ilipobaki na msimamo wake, Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuingiza nguo Marekani bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani inayozipa nchi za Afrika nafuu hiyo. Ukitaka kujua ushuru huo uliwafanyia nini mafundi cherehani wa Kigali, utavutiwa kuwalinganisha na wa Kampala. Lakini marobota yalipita kimagendo mpakani, kwa hiyo ushuru wa Kigali uligusa pia soko la yule uliyemfanya kipimo. AGOA ikaingia katikati, kisha Uviko. Anayekuambia kwa takwimu mbili tu kwamba hatua ile ilifaulu au ilishindwa amekuambia msimamo wake wa kisiasa.

Kenya angalau imeliweka jambo hili kwenye sheria. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka kanuni yoyote inayoweza kuleta gharama kubwa kwa jamii iambatane na taarifa ya athari, na taarifa hiyo ieleze njia nyingine zilizowezekana, zikiwemo zile zisizohitaji kanuni kabisa, pamoja na gharama na faida zake. Sehemu hiyo ya njia nyingine ndiyo ninayoisoma kwanza. Ikiwa na mistari mitatu, najua uamuzi ulitangulia tathmini.

Simwombi mtangazaji wa taarifa ya saa mbili ajenge modeli. Ombi langu ni dogo. Serikali ikisema viwanda vilivyopata nafuu vimeajiri watu kadhaa, na tuseme hivyohivyo: viwanda vilivyopata nafuu vimeajiri watu kadhaa. Tusiseme nafuu imeleta ajira hizo, wala kwamba hizo ndizo athari zake, mpaka atokee mtu wa kutuambia alilinganisha na nini.